Upatu, Mbegu na Mavuno: Lugha ya Ulaghai wa Piramidi katika Kiswahili

Neno upatu lina maana mbili za zamani katika Kiswahili. Ya kwanza ni sahani ya shaba ipigwayo kwa kijiti katika ngoma za pwani. Ya pili ni utaratibu wa watu kadhaa, aghalabu wanawake wa mtaa mmoja au wafanyakazi wa ofisi moja, kuchanga kiasi sawa cha fedha kila wiki au kila mwezi na kumkabidhi mmoja wao jumla yote, zamu kwa zamu, mpaka kila mmoja awe amepokea. Mkusanyaji wa michango huitwa kijumbe, na utaratibu wenyewe huitwa pia kibati, au mchezo tu. Watu kumi wakichanga shilingi elfu ishirini kila mmoja kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea laki mbili; baada ya miezi kumi kila mmoja ametoa laki mbili na kila mmoja amepata laki mbili. Hapana ziada. Manufaa yake ni kuzipata fedha kwa mkupuo, zikatosha kununua cherehani, kulipa ada ya mtoto au kuezeka nyumba, jambo ambalo elfu ishirini zilizofichwa chini ya godoro haziliwezi.

Katika miongo ya karibuni neno hilo limepata maana ya tatu, na maana hiyo imekuja kuzimeza mbili za mwanzo. Katika matangazo ya Benki Kuu ya Tanzania, katika taarifa za polisi na katika magazeti, upatu sasa ni jina la kosa la jinai: mradi unaowalipa waliotangulia kwa fedha za waliofuata, ambao kwa lugha nyingine huitwa piramidi. Mhadhara huu unahusu safari ya neno hilo na ya maneno yaliyosafiri pamoja nalo, kwa sababu ulaghai wa aina hii hauna mtaji mwingine ila maneno. Mwizi wa kawaida huhitaji panga au ufunguo bandia. Mwalikaji wa piramidi huhitaji msamiati, na msamiati huo huukuta tayari vinywani mwa watu anaowaendea.

Mfano unaokumbukwa zaidi nchini Tanzania ni wa kampuni ya DECI, iliyofanya shughuli zake kuanzia mwaka 2007 hadi 2009, makao yake yakiwa Mabibo, Dar es Salaam. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji. Mwanachama alitoa fedha, akasubiri, kisha akaahidiwa kiasi kilichozidi sana faida ambayo benki au biashara ya halali ingeweza kumpa. Serikali iliingilia kati mwaka 2009, na viongozi wakafikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu kwa mashtaka ya kuendesha upatu na ya kupokea amana za umma bila leseni. Mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani.

Ndani ya DECI hakuna aliyesema anaweka amana au anacheza upatu. Watu walikuwa wakipanda mbegu. Fedha iliyotolewa ilikuwa mbegu, muda wa kungoja ulikuwa msimu, na malipo yalikuwa mavuno. Maneno haya hayakubuniwa Mabibo. Yalikuwa yakihubiriwa katika makanisa ya kiroho ya mijini tangu miaka ya nyuma, ambako sadaka huitwa mbegu na baraka huitwa mavuno. Na nyuma ya mahubiri hayo uko mfano wa mpanzi katika Injili, ambao kila aliyepita shule ya Jumapili anaujua. Nyuma ya mfano huo tena yako maisha ya watu wenyewe, ambao wengi wao walizaliwa katika nyumba za wakulima. Kwa hiyo neno mbegu lilifika kwa msikilizaji likiwa limeshathibitishwa mara mbili, kanisani na shambani, kabla mwalikaji hajaongeza lake.

Sitiari hii yafaa ichunguzwe kwa makini, maana ndiyo iliyobeba mzigo wote. Mkulima halisi akisema amepanda, msikilizaji huelewa bila kuambiwa kwamba kuna ardhi, mvua, jembe, palizi, ndege waharibifu na mwaka wa njaa. Kila kimojawapo kinaweza kuulizwa habari zake. Katika upandaji wa Mabibo vyote hivyo viliondolewa, vikabaki vitenzi viwili tu vinavyofuatana, kupanda na kuvuna. Swali ambalo lingeivunja sitiari hiyo papo hapo ni fupi: shamba liko wapi? Jibu la kweli lingekuwa kwamba shamba ni watu, yaani wale watakaojiunga mwezi ujao, na kwamba mavuno ya huyu ni mbegu za yule. Kiswahili kina methali isemayo mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Katika DECI walaji walikuwepo na mkulima hakuwepo kabisa.

Sitiari ikishakubaliwa huendelea kufanya kazi hata baada ya mradi kufa. Ofisi zilipofungwa, hasira ya wanachama wengi haikuwaelekea waliopokea fedha bali iliielekea serikali. Waangalizi wengi waliona jambo hilo ni ujinga. Kwa mtazamo wa lugha si ujinga. Aliyekubali kwamba fedha yake ni mbegu iliyo ardhini hakuwa na namna nyingine ya kuielewa amri ya serikali ila kama kitendo cha mtu kufyeka shamba la mwenzake wiki moja kabla ya mavuno. Ndani ya msamiati aliopewa hapakuwa na neno la kusema kwamba shamba halikuwepo tangu mwanzo.

Ulaghai wenyewe ni wa kale na hauna kabila. Aliyeupa jina moja katika lugha za Ulaya ni Charles Ponzi, mhamiaji kutoka Italia aliyeishi Boston, Marekani, ambaye mwaka 1920 aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai kwamba anaipata kwa kununua kuponi za posta za kimataifa katika nchi moja na kuzibadilisha katika nchi nyingine. Wanasheria hutofautisha mpango kama huo, ambamo mwekaji hukaa na kungoja, na piramidi yenyewe, ambamo kila aingiaye hana budi kuwaingiza wengine. Kiswahili cha magazeti kimezifunika aina zote mbili kwa neno upatu, na kwa mlipaji wa mwisho tofauti hiyo si kubwa.

Albania ndiko madhara yalikoonekana kwa ukubwa wake wote. Miaka ya 1996 na 1997 takriban theluthi mbili ya wananchi wa nchi hiyo walikuwa wameweka fedha zao katika kampuni za namna hii, nyingine zikiwa zimevaa sura ya mifuko ya hisani, na madeni ya kampuni hizo kwa wananchi yalifikia karibu nusu ya pato la taifa. Zilipoanguka mwanzoni mwa 1997, serikali ilipoteza udhibiti wa sehemu kubwa ya kusini mwa nchi na watu wapatao 2,000 waliuawa. Mwanaisimu wa Kiswahili atavutiwa na jambo moja dogo pembeni mwa msiba huo: Kialbania kina neno fajde, lililotoka Kiarabu kupitia Kituruki, ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu faida. Kule neno hilo limeshuka hadi kumaanisha riba ya kinyonyaji. Huku kwetu faida imebaki safi, na kila mwalikaji hulitumia bila kuona haya.

Kenya ilipitia wimbi lake kabla ya Tanzania, miaka ya 2006 na 2007. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze, ambacho ripoti yake ilitoka mwaka 2009, kilihesabu miradi 270 na watu 148,784 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya. Huko nako msamiati ulikopwa kutoka mahali penye sifa njema, yaani ushirika, maombi na chama. Neno chama kwa Mkenya ni sawa na upatu kwa Mtanzania wa zamani: kikundi kidogo cha watu wanaojuana na kuaminiana.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapotoa msaada ambao hautafutwi mara nyingi. Vitenzi vya upatu wa kweli ni vya kauli ya kutendana: kuchangiana, kupokezana, kusaidiana, kufaana, na katika vikundi vya msiba, kuzikana. Kiambishi -an- kinadai kwamba kila anayetajwa ni mtenda na ni mtendwa pia. Huwezi kusema kwamba watu kumi walipokezana ikiwa wawili walipokea na wanane walitoa tu. (Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, kupeana kumepoteza sharti hilo na kumekuwa sawa na kutoa, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupeana fedha asirudishiwe kitu. Ni mabadiliko ya kawaida ya lugha, ingawa katika muktadha huu yana bahati mbaya.) Mwalikaji wa piramidi naye hupenda sana kauli ya kutendana anapoeleza roho ya mradi: tunasaidiana, tunainuana, tunabebana. Lakini afikapo kwenye fedha zenyewe, kauli hiyo hutoweka na mahali pake huja kauli ya kutendeka: fedha zinapatikana, mtaji unaongezeka, inawezekana, maisha yanabadilika. Kauli ya kutendeka haimtaji mtenda, wala haimruhusu kutajwa kwa urahisi. Fedha zinapatikana, lakini sentensi haina nafasi ya kueleza zinatolewa na nani. Msikilizaji anayetaka kujua yuko mbele ya nini hana haja ya kusoma sheria za benki. Aibadilishe sentensi aliyoambiwa kuwa ya kutenda, aulize nani anatoa, na asubiri aone kama mwalikaji ataweza kuikamilisha.

Kitenzi kingine cha kuangaliwa ni kuzaa. Fedha inazaa, husemwa; usiiache imelala, izalishe. Wazee wa pwani waliosimuliwa hadithi za Abunuwasi utotoni wanakijua kitenzi hiki na hatari yake. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na nyingine ndogo, akaeleza kwamba sufuria ilizaa. Jirani akafurahi akapokea zote mbili. Siku nyingine akaiazima tena, akakaa nayo, na alipodaiwa akatoa rambirambi: sufuria imekufa. Jirani alipokataa kuamini akaulizwa iweje aliyekubali kwamba sufuria huzaa akatae kwamba hufa. Wengi husimulia hadithi hii kwa kucheka kile kifo. Kilichompoteza jirani kilikuwa ule uzazi, siku aliyopokea sufuria ndogo na kukinyamazia kitenzi ambacho hakikufaa chombo cha shaba.

Sufuria ndogo, hata hivyo, ilikuwa sufuria ya kweli, na hili ndilo gumu kuliko yote katika kumtambua mwalikaji. Malipo ya kwanza ya piramidi hulipwa. Dada anayemwambia mwenzake sokoni kwamba alitoa laki akapata laki na nusu mara nyingi hasemi uongo. Ameshika fedha hizo mkononi na pengine ameshazinunulia kitu. Anayetafuta macho ya tapeli katika uso wake hatayaona. Ndiyo sababu mikutano ya miradi hii hutumia fani ya ushuhuda, ambayo nayo imetoka kanisani ikiwa na sehemu zake zote: taabu ya zamani, siku ya kuitwa, mashaka ya mwanzoni, mabadiliko, na mwaliko kwa walio bado nje. Ushuhuda kwa kawaida haukatizwi kwa maswali. Asemaye "nilikuwa mpangaji, leo nina kiwanja" hupigiwa makofi, na aliyetaka kuuliza hesabu za kampuni hujiona amevunja adabu.

Hesabu zenyewe hazichukui muda. Chukua mradi unaomtaka kila aingiaye awalete watu watano. Mmoja alete watano, hao walete 25, hao 125, na kuendelea. Kufikia kizazi cha kumi na moja wanaohitajika ni 48,828,125, na jumla ya wote tangu mwanzilishi ni 61,035,156. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwemo watoto wachanga. Kizazi cha kumi na mbili hakina pa kutoka. Aidha, wakati wowote mradi utakaposimama, iwe ni kizazi cha tatu au cha kumi, takriban wanne kati ya kila watano walio ndani watakuwa hawajamleta mtu hata mmoja. Uvivu wao au upungufu wa imani yao, sababu mbili wanazopewa na waliowaingiza, hauhusiani na jambo hilo. Umbo lenyewe linadai hivyo.

Mwaliko una tabia zake. Aghalabu hautaji jina la shughuli. Mwalikwa hupigiwa simu na kuulizwa kama ana nafasi Jumamosi, kuna jambo la kumfaa. Akiuliza ni jambo gani huambiwa haliwezi kuelezwa kwenye simu, aje asikie mwenyewe. Neno biashara huepukwa, kwa kuwa biashara humfanya mtu aulize inauzwa nini. Mahali pake limekaa fursa, neno jema la Kiarabu ambalo katika miaka hii limechakaa kwa kutumiwa vibaya. Fursa haiulizwi inauza nini. Huulizwa tu kama mtu ataiwahi au itampita. Ndipo huja haraka: nafasi zinajaa, wiki ijayo kiingilio kitapanda. Methali ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza ilitungwa kabla ya simu za mkononi, na yanayotembezwa humo yameifanya isikike kana kwamba ilizitabiri.

Mwalikwa akionyesha shaka, mazungumzo hubadilika mada. Yalikuwa juu ya fedha. Sasa yanakuwa juu yake. Ana fikra hasi, anaogopa mafanikio, ana mawazo ya kimaskini, ataishi hivyo hivyo mpaka lini. Hii ni alama ambayo mwanafunzi wa uchanganuzi wa mazungumzo ataitambua upesi: swali linalohusu kitu limejibiwa kwa hukumu inayomhusu muulizaji. Muuza mchele akiulizwa mchele umetoka wapi hujibu Kyela au Mbarali. Hamwambii mteja kwamba ana fikra hasi.

Swali linalobaki ni kwa nini watu wasiokubali kuuziwa embe bila kulibonyeza hukubali hayo. Sehemu kubwa ya jibu imo katika mfumo wa kuitana. Piramidi haisambai kwa wageni. Inasambaa kwa mjomba, shangazi, wifi, shemeji, mzee wa kanisa, jirani wa msikitini, mwalimu aliyemfundisha mtu darasa la nne. Mgeni akija na habari za fedha kuongezeka maradufu huulizwa maswali. Mpwa akija huandikiwa chai, na shangazi huona vibaya kumsaili mtoto wa kaka yake kama karani wa benki. Mkubwa akimwita mdogo, ugumu huzidi: aliyeanza kwa shikamoo hawezi kumaliza kwa kudai vitabu vya hesabu. Heshima, ambayo ni amana kubwa ya jamii ya Waswahili, hapa hutumiwa kama dhamana ya mkopo ambao mwenye heshima hakuuomba.

Matokeo yake husikika katika namna walioibiwa wanavyosimulia baadaye. Lugha ya mitaani ya Dar es Salaam ina maneno mengi kwa ajili yao: amepigwa, amelizwa, ameliwa, ameingizwa mjini. Yote ni ya kauli ya kutendwa, na yote husemwa bila na ya mtenda. Ni nadra kusikia amelizwa na fulani. Kiswahili hakikosi njia ya kumtaja mtenda. Kiunganishi kipo na hakina gharama. Lakini mtenda huyo, kwa sehemu kubwa ya walioumia, ni mtu watakayeketi naye arusini na msibani, na mara nyingi naye alilizwa na aliyemtangulia. Mahakama inaweza kuwataja walioketi kwenye kilele, na katika shauri la DECI iliwataja. Safu zilizo chini yao, ambamo mtu mmoja ni mlaghai wa dada yake na ni mlaghaiwa wa rafiki yake kwa fedha zile zile, hazina hati ya mashtaka. Zimeachiwa kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, na pengine ndiyo iliyoziwezesha familia nyingi kuendelea kusalimiana.

Kuhusu neno upatu lenyewe, hasara ni ya aina nyingine. Tangazo linapowaonya wananchi waache upatu, anayesikia kwanza ni mama mwenye kibati cha watu kumi, ambaye hana kosa. Na mwendesha piramidi hujibu, kwa haki kabisa ya kilugha, kwamba mradi wake si upatu, kwa kuwa hakuna anayengoja zamu. Onyo humkosa anayepaswa kuonywa na kumpata asiyehusika. Lingekuwa jambo jema kama waandishi wa magazeti na wa sheria wangeshika neno piramidi, ambalo halina ndugu wa kuchafuliwa, lakini matumizi yameshatangulia mbele ya ushauri wa wanaisimu, kama kawaida.

Vikundi vyenyewe vimeshahama. Wengi hawasemi tena upatu. Husema mchezo, au husema kikoba. Neno hili la pili ni umoja uliotengenezwa na wazungumzaji kutoka VICOBA, benki za jamii za vijijini zilizofuata mfano ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na limeangukia vizuri penye udogo wa mkoba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii vya namna hii katika daraja lake la nne, vikapata daftari na usajili, jambo ambalo upatu wa zamani haukuwa nalo. Kikoba likawa neno lenye heshima, lenye kunukia subira na uaminifu wa wanawake wanaojuana. Haikuchukua muda mrefu mialiko yenye neno hilo ikaanza kuonekana katika simu za watu wasiojuana, ikiahidi mkopo wa haraka na kutaka ada ya kujiunga itumwe kwanza.